Usiniambie Umechemsha

Getruda wa Mkuyuni alikuwa haambiliki. Akisema jambo limekwisha, limekwisha. Na kwake maji ya kisima chake yalikuwa salama, basi. Kisima kilichimbwa na marehemu mumewe nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa maangavu, na Getruda hakumpa mtu kabla hayajachemka. Nani angemlaumu?

Lakini mjukuu wake Favour, mtoto wa miaka minne, hakuwa sawa. Tumbo lilimsumbua. Chakula alikikataa. Hata maneno aliyokwisha kuyajua yalianza kumpotea. Alipewa dawa ya minyoo, haikusaidia.

Nyumba ya jirani alipanga Anyango, binti wa Rorya anayefanya kazi maabara ya maji. Siku moja alimkuta Favour amejikunja mkekani. Akatazama kisimani. Kando yake Mashimba, shemeji yake Getruda, alikuwa anapasua betri kuukuu za magari. Maji ya betri aliyamwaga chini. Vyuma vya ndani aliviyeyusha kwenye karai ili atengeneze vizito vya nyavu za wavuvi.

"Shikamoo mama," alisema Anyango.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba maji ya kisima nikayapime."

"Pima tu. Wadudu hutawapata. Nayachemsha."

"Sitafuti wadudu. Natafuta risasi."

Getruda akacheka. "Hapa kwangu nani kafyatua bunduki?"

"Risasi ni jina la hicho chuma anachoyeyusha shemeji yako, mama. Mtoto akiimeza kidogo kidogo, inamharibia damu na akili."

Kicheko kikamkauka Getruda. Alichukia kuambiwa hivyo kuhusu kisima cha mumewe. "Basi lete kipimo chako hapa. Utapima mimi nikiangalia."

Jumamosi Anyango alikuja na kompyuta, kifaa kidogo chenye nyaya, na mrija wa plastiki wenye ncha nyeusi.

"Huo si mkaa?" aliuliza Getruda.

"Ni ndugu yake. Huu ni unga wa kaboni, kama ule wa ndani ya penseli. Nimeukanda na mafuta na udongo maalumu, ukawa mzito kama ugali. Nikaushindilia kwenye mrija, na waya wa shaba nyuma yake."

"Udongo wa nini?"

"Ndio unaoshika risasi iliyoyeyuka majini. Baadaye nikipitisha umeme, risasi inaachia, na kompyuta inachora kilima. Risasi ikiwa nyingi, kilima kinakuwa kirefu."

Alianza na maji safi ya maabara. Mstari ukalala. Akaweka maji ya kisima. Kilima kikapanda.

Getruda aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji ya kunywa. "Haya nimechemsha mwenyewe. Pima."

Anyango akapima. Kilima kikawa kirefu zaidi.

"Kipimo chako kibovu," alisema Getruda.

"Mama, ukisahau mchuzi jikoni, maji yakapungua, chumvi inakuwaje?"

"Inazidi," alisema Getruda, akaisukuma ndoo kando. Siku zote alikuwa akimnywesha mtoto kwa mkono wake, akiamini anamlinda.

Mashimba alikuwa amesimama pembeni. "Mnababaishwa na masizi kwenye mrija," alisema. "Maji haya tumekunywa miaka yote. Na kisima hiki ni cha kaka yangu."

Getruda alifunika kisima, akakaa juu ya mfuniko. "Kisima ni cha kaka yako," alisema. "Na Favour ni damu ya kaka yako. Chagua, shemeji. Mimi hapa sitoki mpaka hilo karai liondoke."

Mashimba alibisha. Alinuna. Alikwenda kuleta wazee wa ukoo. Getruda aliwasikiliza wote, akawajibu wote, na mfuniko hakuuachia. Mtambo mkubwa wa maabara nao ukathibitisha kilichoonwa na ule mrija mweusi. Hospitali ikapima damu ya Favour, na risasi ikakutwa humo. Siku majibu hayo yaliposomwa, Mashimba mwenyewe alibeba karai.

Wataalamu walikuja kuondoa udongo uliochafuka. Familia ikaanza kuteka maji kwenye bomba la mtaa. Favour alioshwa mikono kila mara kabla ya kula, maana vumbi la risasi nalo huliwa. Mashimba siku hizi anatengeneza vizito vya udongo wa kuchoma, na wavuvi wananunua.

Kisima bado kimefungwa. Anyango hukipima mara kwa mara, na kilima bado kipo, ingawa kinashuka. Getruda hamruhusu mtu kukigusa. Damu ya Favour inazidi kusafika. Maneno yanamrudia, na sasa anauliza maswali mpaka watu wanachoka.

Wiki iliyopita Getruda alisikia kwamba huko Mirongo kuna mama aitwaye Evelina, na mumewe anapasua betri uani, karibu na kisima. Hakuitwa. Alimshika Favour mkono, akachukua chupa tupu, akaenda.

Evelina aliwakaribisha vizuri. Alimtazama Getruda, akaitazama chupa. "Maji yetu hayana shida, mama," alianza. "Sisi huwa tuna..."

"Jaza chupa," alisema Getruda. "Na usiniambie umechemsha."