Pale Mluzi Unaponyamaza

Ujumbe wa Lornah ulimkuta Wechuli ameshika waya wa spika kwa meno.

"Mama amekubali kuja kesho. Anataka kukaa mbele kabisa. Wechu, atajivunia wewe mpaka alie."

Wechuli akautema waya. Akausoma ujumbe mara ya pili, kisha akajikalisha juu ya spika mbovu ya kanisa fulani, uso umemshuka.

Ungemuuliza mtu yeyote pale mtaani Migosi, Kisumu, angekwambia Wechuli ni kijana wa bahati. Ana kibanda chake cha kutengeneza redio na spika, na ana Lornah, msichana anayefanya kazi ya maktaba kule Maseno. Baada ya wiki mbili Lornah alikuwa ampeleke rasmi kwao Otonglo, akajitambulishe kwa wajomba. Lakini bahati yote hiyo ilisimama juu ya mluzi mmoja, na mluzi wenyewe haukuwa wake.

Mluzi huo ni wa Mzee Obiero, mtunzi wa muziki wa filamu, mzaliwa wa Otonglo, ambaye watu wa Kisumu humtaja kama mtu wa ukoo wao hata kama hawajawahi kumwona. Filamu iliyompa jina, Shamba la Mafunjo, ilitengenezwa miaka ishirini iliyopita, na mwanzo wake hauna ngoma wala gitaa. Kuna mtu anapiga mluzi tu, polepole. Katikati ananyamaza kama sekunde nne, halafu anaendelea. Jina lake halikuandikwa popote.

Basi mashabiki wa Obiero wakaunda kundi la WhatsApp, wakaliita Masikio ya Obiero, na kazi yao kubwa humo ikawa ni kubishana juu ya zile sekunde nne. Mwalimu Robinson, mwenyekiti wao, alishikilia kwamba huo ni ukimya wa ziwa kabla ya dhoruba. Becky wa saluni alisema ni moyo wa mjane. Kila mtu alikuwa na mahubiri yake.

Miaka miwili iliyopita, siku ya kwanza kundi lilipokutana ana kwa ana, Wechuli alikuwa akifunga spika na kupiga mluzi ule bila kufikiria, na pale katikati akanyamaza kama inavyotakiwa. Msichana mmoja mwenye macho makubwa akageuka.

"Ni wewe?"

Angecheka tu, yangeishia hapo. Lakini yale macho yalikuwa yamemtazama yeye peke yake, na ni lini tena yangemtazama hivyo?

"Ni mimi," akasema. "Lakini usiambie mtu."

Mwambie mtu wa Kisumu usiambie mtu, uone habari itakavyokimbia. Kufikia Jumatatu kundi zima lilijua. Lornah alipomuuliza mbona alinyamaza pale katikati, Wechuli akaenda mbali zaidi. Akasema alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, na mwezi ule ule walikuwa wamemzika baba yake. Alipofika pale akamkumbuka, pumzi ikakatika. Lornah akalia, akamshika mkono, na mapenzi yakaanzia hapo.

Sasa filamu ya makala kuhusu maisha ya Obiero ilikuwa imetoka. Mashabiki walikuwa wamekodi ukumbi mdogo Migosi waitazame Jumapili baada ya kanisa na kuijadili. Na nani aliombwa kuleta spika? Wechuli.

Alijaribu kusema, haki yake tumpe. Jioni ile alipiga simu.

"Lornah, kuna kitu nataka tuongee kabla ya kesho."

"Kama ni ile aibu yako ya kuitwa mbele, wacha. Robinson amesema utasimama tu, hutaongea."

"Si hiyo."

"Ni nini basi? Wechu, unanitisha. Kuna kitu mbaya?"

Maneno yalifika mdomoni, yakagonga meno, yakarudi.

"Nilikuwa nauliza tu Mama anakunywa soda gani."

Lornah akacheka kwa furaha, akasema Mama hana shida, hata maji ni sawa. Wechuli alikata simu akajidharau kuliko siku zote za maisha yake.

Kilichomkosesha usingizi zaidi ni huyo Mama mwenyewe. Mama Agneta, mjane, hukaanga samaki kando ya barabara pale Otonglo. Mwaka uliopita Lornah alimpeleka Wechuli kumsalimu, naye akakaa kwenye stuli mbali kidogo na jiko, kwa heshima, maana mtu hamkaribii mama mkwe hivi hivi. Mama hakumuuliza habari za kazi wala za kwao. Alimuuliza jambo moja tu.

"Hiyo mluzi yako. Hapo katikati, mbona ulinyamaza?"

Wechuli akamsimulia habari za baba yake, tena kwa sauti ya chini. Mama akaacha samaki wake, akamtazama.

"Pole, nyathina," akasema, na akarudi kwa samaki wake.

Mtu anapokuita mwanangu kwa Kijaluo, na mtu huyo ni mama wa mpenzi wako, unafurahi. Wechuli alirudi Migosi akijua amebarikiwa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mama Agneta alikaa mstari wa mbele kwa gauni la buluu la kanisani, mkoba juu ya magoti. Robinson aliwakaribisha wageni, akasema leo wana heshima ya kuwa na mwenye mluzi wenyewe humu ndani. Watu wakapiga makofi. Kule nyuma kwenye mitambo Wechuli akainua mkono nusu, kama mwanafunzi anayeomba kwenda choo. Lornah akageuka akamtabasamia.

Makala ikaanza. Nusu saa ya kwanza ilikuwa utoto wa Obiero, na Wechuli akaanza kujipa moyo kwamba labda hawatafika huko. Ndipo mzee mwenyewe, nywele nyeupe, akaonekana ukutani ameegemea kiti.

"Watu huniuliza kila siku nani alipiga mluzi ule," akasema Obiero. "Niliahidi kutomtaja, na nimetunza ahadi. Sasa amenipa ruhusa. Mtu huyo hakuwa—"

Wechuli akachomoa waya.

Ukutani mdomo wa Obiero uliendelea kuchezacheza bila sauti. Watu wakaguna. Robinson akauliza fundi kuna nini, na Wechuli akainama chini ya meza akijitia kutafuta hitilafu, jasho likimtoka mpaka mgongoni.

"Wechuli."

Ilikuwa sauti ya Mama Agneta. Hakuipaza wala hakugeuza kichwa.

"Rudisha hiyo waya."

"Mama, nafikiri imeungua."

"Haijaungua. Umeishika kwa mkono."

Wechuli akatazama mkono wake. Kweli alikuwa ameushika, na jirani zake wawili walikuwa wakiutazama pia. Akaurudisha. Alijua anarudisha nini, na waya ukakosa tundu mara mbili.

Sauti iliporudi, Obiero alikuwa amekwisha kutoka ukutani. Aliyekuwa pale sasa ni Mama Agneta, ameketi kando ya karai lake Otonglo, amefunga leso kichwani, anacheka huku amefunika mdomo.

"Mama mkwe wangu alinikataza," alikuwa akisema. "Kwao mwanamke akipiga mluzi hana adabu. Kwa hivyo mimi nilipiga asubuhi na mapema, kabla ya watu kufika. Sikujua Obiero amekaa nyuma ya kibanda na mashine yake ya kunasa sauti. Alikuwa anatafuta sauti ya soko ikiamka."

Mtengeneza makala akamuuliza kuhusu ule ukimya wa katikati, ambao wengi wameuandikia maneno mengi.

"Hapo?" Mama akashangaa. "Hapo nilikuwa nageuza samaki. Ingeungua."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Becky alimpiga Robinson bega, Robinson akacheka mpaka akavua miwani, ziwa lake na dhoruba yake vikaishia kwenye karai. Kisha kicheko kikaanza kupungua, maana kichwa kimoja kiligeuka nyuma kuangalia mitambo, kikafuata kingine, na kingine. Lornah aligeuka wa mwisho.

Alitembea katikati ya viti mpaka akasimama mbele ya meza.

"Baba yako alikufa?"

"Alikufa kweli."

"Mwezi huo?"

"Hapana. Alikufa nikiwa darasa la tatu."

"Miaka mbili," Lornah akasema polepole. "Kila nikisikia hiyo wimbo nilikuwa nakulilia wewe. Hata kwa maktaba, mbele ya watu. Na ilikuwa samaki ya mama yangu."

Wechuli alitaka ardhi ipasuke immeze, na haikupasuka, ndiyo tabia yake. Lornah akamshika mama yake mkono wakatoka. Jioni hiyo Wechuli alikunja nyaya zake peke yake. Watu walimpita wakichukua viti na kreti za soda, wakiongea kwa sauti za chini, na hakuna aliyemuaga.

Simu ya Lornah haikupatikana siku tatu. Kundini vilikuwa vichekesho tu. Mtu aliweka picha ya samaki, mbuta wa kukaanga, akaandika chini yake, "Marehemu baba." Hiyo ndiyo iliyomchoma. Baba yake, Mzee Masinde, alikuwa mpole, fundi wa baiskeli, na hakuwahi kumkosea mtu. Yeye mwanawe ndiye aliyemtoa kaburini akamtumia kutongoza.

Siku ya nne Wechuli alifunga kibanda mchana, akabonyeza kitufe cha sauti kwenye kundi, watu mia tatu wakisikiliza.

"Mimi ni Wechuli. Sikupiga ule mluzi. Nilidanganya kwa sababu Lornah aliniangalia na nikapenda vile ameniangalia. Kuhusu baba yangu pia nilidanganya. Nataka Mama Agneta anisamehe, na Lornah, na baba yangu. Mnicheke mimi, lakini mzee mumwache."

Alitamani kuifuta. Akaweka simu kwenye droo ili asiifute. Alipoitoa, ile picha ya samaki ilikuwa imeondolewa, na kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka nambari ambayo haijawahi kumwandikia.

"Kuja Otonglo kesho asubuhi. Usibebe kitu. Mama Agneta."

Alifika soko likipangwa. Mama alikuwa na karai motoni, na Lornah, aliyeomba ruhusa kazini, alikuwa akipaka samaki chumvi. Hakuinua macho. Wechuli akaivuta ile stuli yake ya zamani, akaiweka mbali kama siku ile.

"Mama, ulijua tangu siku ile nimekaa hapa?"

"Nilijua kabla hujakaa. Lornah alikuwa ameshaniambia ni wewe."

"Mbona hukuniaibisha?"

Mama akafuta mikono kwenye leso.

"Kwa sababu hata mimi nilikuwa na aibu yangu. Miaka ishirini Obiero ananiomba ruhusa, nakataa. Wimbo ukilia kwa redio natoka nje, watu wasione uso wangu. Niliposikia kuna kijana amesema ni yeye, nilipumua. Nikasema, wacha abebe. Halafu ukakuja ukakaa hapo, ukaniambia mambo ya baba yako, na mimi hapa na karai yangu. Hiyo iliniuma. Jioni nikampigia Obiero, nikamwambia alete kamera."

Wechuli akainamisha kichwa. Kumbe mdomo wake mwenyewe ndio ulioiita kamera.

"Nilikuachia mwaka mzima useme," Mama akaendelea. "Ungekuja hapa ukasema, ningekuchekea tu."

"Niliogopa kumpoteza."

Lornah alikuwa akipaka chumvi samaki ambaye amekwisha kupakwa.

"Sogea," Mama akasema.

"Niko sawa hapa, Mama. Ni heshima."

"Heshima ya mkwe utaianza ukishakuwa mkwe. Sogea ushike mwiko."

Akasogea, akashika mwiko. Mama akaketi vizuri, akatazama barabara ambako watu walikuwa wakipita na vikapu, na mbele yao wote akaanza kupiga mluzi. Muuza nyanya wa jirani akageuka kwa mshangao, kisha akacheka. Mluzi ukaja polepole kama vile ulivyo kwenye filamu, ukapanda, ukakaribia mahali pake. Samaki walikuwa wameanza kushika rangi. Wechuli akatia mwiko chini yao, akageuza mmoja, akageuza wa pili.

Mama hakunyamaza. Mluzi ukapita pale moja kwa moja, na ndani yake kulikuwa na kipande ambacho Lornah hakuwahi kukisikia maishani, wala Robinson, wala Obiero mwenyewe. Ulipokwisha, Lornah alikuwa ameacha chumvi, anajipangusa macho kwa mkono wa blauzi.

"Umeomba baba yako msamaha kwa simu. Jumamosi unaenda kwa kaburi yake?" akauliza bila kumtazama.

"Naenda."

"Nitakuja. Huyo mzee nimemlilia miaka mbili na hatujawahi kusalimiana."

Wechuli akafungua mdomo.

"Usiongee," Lornah akasema. "Huyo wa mwisho anaungua."

Akamgeuza.