Mihogo Iliyoficha Ukame

Kila asubuhi kabla ya shule, Bwalya alipita na mama yake, Germaine, kwenye shamba lao kando ya barabara ya Kipushi. Mvua ilikuwa imekatika wiki tano. Mahindi yalikauka kabla ya kuzaa. Kati ya mistari, mihogo michanga bado ilikuwa na majani mabichi, lakini hiyo ingeliwa mwaka ujao.

Siku hiyo walikuta orodha mlangoni kwa chifu. Familia zilizopigwa na ukame zingepewa mbegu za maharagwe yanayovumilia ukame, zipandwe upesi. Jina la Germaine halikuwamo. Chini, Aristote, karani wa mradi wa mbegu, alikuwa ameandika kwamba amefika katika kila shamba.

Walimkuta ndani ya gari, akitafuna karanga. Akawaonyesha simu yake, kidole kikiwa juu ya shamba lao.

"Mama, angalia picha ya satelite. Fasi yenu iko kijani. Ukame iko kule kwenye nyekundu. Satelite haidanganyi."

"Basi ikuje itusagie bunga ya bukari," Germaine alisema, akiwaza unga wa ugali wa jioni.

Bwalya hakuwa msemaji, ila alisogea dirishani, akamwita kama mtoto anavyomwita mjomba.

"Tonton, ulifika kwetu siku gani?"

"Jumamosi."

"Jumamosi tulikuwa kushamba toka asubuhi, tunapalilia. Gari ilipita. Haikusimama."

"Mutoto, heshima."

"Heshima niko nayo. Lakini umeandika umefika."

Germaine hakumnyamazisha. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja hadi ofisi ya mradi. Mkubwa wa Aristote, Mama Marie-Thérèse, aliwasikiliza, akavaa buti, akaja nao shambani. Alivunja bua la mahindi. Likalia kama kijiti cha kuwashia moto. Akatazama mihogo, kisha ile picha ya satelite kwenye simu yake.

Aristote aliamriwa kuzunguka mashamba yote kwa miguu. Ilimchukua siku mbili. Majina kumi na mawili yaliongezwa, la Germaine likiwa la kwanza, na mbegu zikapandwa wiki hiyo hiyo.

Mbele ya Bwalya, Mama Marie-Thérèse alimwambia Aristote: "Satelite iliona majani mabichi, ikasema mabichi. Toka kule juu haikuweza kujua kama ni mahindi ao mihogo. Ndiyo sababu tulikutuma wewe mwenye miguu. Ungeandika 'sijafika', tungetuma mwingine. Uliandika 'nimefika', na bantu wangelala njaa."

Akamgeukia Bwalya. "Na wewe, siku utashika kalamu ya kazi, andika kile umeona. Kama hujaona, andika hujaona."