Goti la Onyiego

Kila siku akitoka shule, Nelvine alivua sare, akabeba kikapu mgongoni na kumfuata mama yake shambani. Walichuma hadi saa kumi na moja, kisha wakapeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai hapo Kiptere, wakangoja lori la kiwanda pamoja na majirani. Lori lilikuwa na tabia ya kuchelewa, na watu wakikaa bila kazi, midomo haikai. Wiki hiyo mazungumzo yalikuwa ni Majani FC tu, timu yao ya kandanda.

Usajili ulikuwa unafungwa Jumamosi. Timu ya Sigowet ilikuwa imeshasajili wachezaji huru watatu, yaani wasio na mkataba na timu yoyote, lakini Majani FC haikuwa na hata mmoja. Mzee Ombati, shabiki asiyekosa mechi wala kunyamaza, alilalamika kwamba Kocha Hezekiah anatafuta wachezaji kama mtu anayenunua ng'ombe: anazunguka, anapapasa, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Wengine walimtetea kocha. Msimu uliopita walisajili kwa pupa, wakaambulia mtu aliyecheza mechi mbili akatoweka. Ombati hakutaka kusikia. Onyiego, mfungaji wa mabao kumi na manane, alikuwa huru, tena anaishi papo hapo kwa mjomba wake Osoro. Walingoja nini?

Nelvine alimpenda Onyiego kuliko wachezaji wote. Hata hivyo, alijua jambo ambalo mashabiki hawakulijua. Shamba la Osoro lilipakana na lao, na Jumatatu alimwona Onyiego akishuka mteremko na kikapu, akienda upandeupande, goti la kulia limefungwa kitambaa. Kila baada ya hatua chache aliketi kupumzika.

Mvua ilikuwa imeharibu uwanja, kwa hiyo kocha hakuweza kumfanyia Onyiego majaribio. Jumatano akamwendea Nelvine pale kituoni.

"Nelvine, nyinyi ni majirani. Huyu kijana yuko sawa kweli?"

Ombati na wenzake walikuwa wamemkazia macho.

"Yuko sawa, Kocha," Nelvine akajibu.

Kocha akatangaza kwamba Onyiego atasajiliwa Jumamosi na Jumapili atacheza dhidi ya Sigowet. Watu wakashangilia, Ombati akampa Nelvine mkono kama mtu mzima mwenzake.

Tangu hapo Nelvine hakutulia. Alhamisi alichuma ovyo, akachanganya majani magumu na mazuri, karani akamrudishia nusu ya kikapu. Mama yake alishangaa, akamuuliza kulikoni. Msichana akamweleza yote.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama akasema. "Na hapa mmeficha wawili. Mimi siendi kukusemea. Mdomo uliodanganya ndio utakaosema kweli."

Ijumaa kituo kilijaa watu. Onyiego naye alikuwepo, ameleta majani ya mjomba wake. Nelvine akasimama mbele ya kocha.

"Kocha, nilikudanganya. Onyiego anaumwa goti. Nilimwona, nikanyamaza."

Ombati alimuuliza kwa hasira kama anataka wafungwe na Sigowet. Kabla hajajibu, Onyiego aliweka kikapu chini, akakunja suruali. Goti lilikuwa limevimba.

"Mtoto anasema kweli," Onyiego alisema polepole. "Nilikuwa naomba mtu aseme. Mlivyokuwa mnanishangilia, mimi mwenyewe niliogopa."

Kocha aliligusa lile goti, Onyiego akauma meno. Kocha alisema Jumamosi hatamsajili. Badala yake atampeleka hospitali Kaplong, na akipona, atamfanyia majaribio usajili utakapofunguliwa tena. Onyiego alifuta macho kwa mkono wa shati. Ombati alikiinua kikapu cha Onyiego na kukipeleka mwenyewe kwenye mizani.

Nelvine alidhani mambo yameisha, lakini kocha alimgeukia.

"Mnasema nasitasita kwa sababu nauliza sana. Lakini maswali yangu yana faida gani nikijibiwa uongo? Wewe ulimpenda Onyiego, lakini Jumatano ulikuwa tayari avunjike mguu ili watu wakufurahie. Ukimpenda mtu, sema ukweli unaomwokoa, hata ukichukiwa. Leo umefanya hivyo, na nakushukuru."

Maneno hayo yalimchoma Nelvine, lakini hakuyabishia, kwa maana yalikuwa ya haki.