Bibi Miguu na Barafu ya Jokofu

"Chombo kimeshatua au kimeshaanguka," mkuu wa chumba cha kuongozea safari za angani alisema, macho kwenye saa. "Habari ziko njiani. Dakika arobaini na tano, jamani. Tuvute subira."

Bibi Miguu alikunja mikono kifuani. Jina hilo walimbandika kwa dhihaka, maana ndiye aliyebuni miguu minne ya chombo kile kisicho na rubani, kilichosafiri miaka mitano hadi kwenye mwezi wa barafu. Chini ya barafu kuna bahari, nao walitaka kujua kama kuna kinachoweza kuishi humo. Miguu ikiteleza, kazi kwisha, na yeye kwisha.

Simu ikalia. Ujumbe, kutoka meza ya jirani tu.

"Umekula?"

Alikuwa Mpimaji, mwenye kazi ya kujaribu vifaa! Miaka sita hawajazungumza zaidi ya habari za kazi.

"Usinichokoze," akajibu. "Si wewe uliyeandika kwamba miguu yangu itateleza?"

Ndiye. Wakati huo alikuwa mchumba wake, harusi imebaki miezi miwili. Akaijaribu miguu juu ya barafu ya jokofu la kantini, ikateleza, akapeleka ripoti. Bibi Miguu akamwambia kikaoni kwamba kwa baridi ya kule barafu ni ngumu kama jiwe, si hii ya kupoozea soda. Watu wakaangua kicheko. Mkuu akaipitisha miguu, lakini Mpimaji akagoma kuifuta ripoti. Jioni ile Bibi Miguu akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya ripoti hiyo hiyo.

Ujumbe mwingine ukaingia: "Nilirudia jaribio wiki ile, kwa baridi kali. Haikuteleza hata kidogo."

"Miaka sita ulijua?" Sauti ilimtoka, chumba kizima kikageuka.

"Nilijua. Niliona aibu."

"Aibu yako imenilia ndoa yangu! Na mbona unasema leo, habari hazijafika?"

"Zikifika, kila mtu atakusifu. Hapo nitakuwa nafuata upepo tu."

Moyo ulimlainika, akaukaza.

"Basi usiniambie mimi. Waambie wao."

Mpimaji akasimama, kijasho kikimtoka.

"Jamani, miguu ile ni mizima tangu zamani. Aliyekosea ni mimi, nikakaa kimya."

Hakuna aliyepiga makofi. Wakasubiri dakika zilizobaki, ndefu kuliko miaka yote sita.

"Kimesimama!" mkuu akapiga kelele. "Miguu yote minne!"

Picha ya kwanza ikaonyesha barafu nyeupe yenye michirizi ya kahawia, na mguu mmoja umekita imara. Bibi Miguu alilia kwa fahari, wala hakujificha.

Mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, mguu huu kwenye televisheni ni wako?"

"Wangu, mama. Yote minne."

"Na yule mwenzio?"

Mpimaji alikuwa mbele yake, pete ile ile kiganjani.

"Yupo hapa. Nitampima kwanza," alisema Bibi Miguu, akinyoosha kidole cha pete. "Na simpimi kwa barafu ya kantini."