Mkono Ni Wangu, Phelix

Jumamosi moja mwaka wa 1934, soko la Kericho lilizungushiwa kamba. Ndui ilikuwa imeonekana Kedowa, jirani tu, na serikali ikatoa amri: kila mtu achanjwe. Foleni iliishia kwenye meza ya Phelix Oyoo, dresa kijana, msaidizi wa daktari, kutoka upande wa ziwa, koti lake jeupe limepigwa pasi likanyooka.

Ilipofika zamu ya msichana mwenye gauni la manjano na kitambaa cha buluu kichwani, Phelix alisahau kumwuliza jina.

"Hicho kisu cha kuchanjia umekichemsha saa ngapi?" msichana akauliza.

"Asubuhi, dada."

"Na tangu asubuhi umechanja wangapi?"

Phelix akatazama daftari lake la majina. "Kama sitini."

"Basi mimi sitaki."

Askari Ondieki akamkamata mkono, akaubana juu ya meza. Phelix akaweka kisu chini.

"Mwachilie. Mtu akishikwa, mimi sichanji."

"Ni amri ya serikali!"

"Naijua. Mwachilie aende nyumbani."

Msichana aliitwa Wamuyu; jina hilo alimtajia Phelix kabla ya kuondoka. Alishona nguo katika duka la Mhindi mmoja karibu na posta. Jumanne iliyofuata Phelix aliingia humo na koti mkononi.

"Kifungo kimekatika," alisema.

Wamuyu akakiangalia, akacheka. "Kimekatwa kwa wembe, bwana dresa."

Akiwa anakishona, alimweleza. Miaka mitatu nyuma, katika kambi moja ya vibarua, askari wawili walimshika mama yake, Priscillah, akachanjwa kwa nguvu. Mkono ulivimba ukatoa usaha, na mpaka leo hauwezi kuinua sufuria.

Duka lilikuwa na simu. Kila siku saa saba mchana ilikuwa inalia, na aliyepiga alikuwa Phelix katika ofisi ya shamba la chai, alikokuwa akichanja vibarua.

"Halo, kuna kitambaa cha manjano?"

"Kiko. Lakini kina ulimi mkali."

"Hicho hicho ndicho ninachotaka."

Wiki tatu zilipita hivyo, tamu kabisa, na jioni Phelix alipita kwa Wamuyu kunywa chai. Kisha Ondieki akaja dukani na karatasi: Wamuyu achanjwe kabla ya Ijumaa, au afungwe. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa Phelix. Simu ilipolia, hakungoja salamu.

"Uliniandika?"

"Niliandika 'bado' siku ile ile, mpenzi. Ningeandika umechanjwa, ningekuwa nimewadanganya watu wote wa soko."

"Mimi ndiye uliyenidanganya. Ulikunywa chai yangu wiki tatu, hukusema neno. Mkono ni wangu, Phelix!"

Akakata simu.

Maneno hayo yalimchoma Phelix kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kesho yake alikwenda kwa daktari mkuu, kofia mkononi.

"Bwana, askari wanafukuza watu. Wengine wanajificha katikati ya majani chai. Nipe wiki mbili bila askari. Nitachemsha kila kisu mbele yao, nitajibu maswali yao."

"Na wakikataa?"

"Wakae nyumbani mpaka ugonjwa upite. Lakini wasifungwe."

Daktari akaweka kiko chake mezani. "Wiki moja. Karatasi za Ijumaa zingoje. Watu wasipokuja, utafute kazi nyingine."

Jumatatu hakuja mtu, Jumanne pia. Phelix alikaa peke yake kwenye meza yake sokoni, maji yakichemka bure. Jumatano Wamuyu akaja, akavuta kiti.

"Niambie ukweli. Kuna mkono unaoweza kuvimba?"

"Upo. Wengine hupata homa siku mbili tatu. Siwezi kukuahidi hapana. Lakini nimeona ndui, Wamuyu, na ningechagua chanjo."

"Mbona hukuniambia kuhusu daftari?"

"Niliogopa utanichukia."

"Nilikuchukia. Siku sita nzima." Akakunja mkono wa gauni. "Haya, chanja. Hakuna aliyenileta."

Alipotoka alizunguka maduka akiwaambia watu alivyoona kisu kikichemshwa na alivyojibiwa maswali yake. Kufikia Ijumaa foleni ilipita posta, na daktari akaongeza wiki ya pili bila kuombwa.

Priscillah alikataa mpaka mwisho.

"Mimi yangu yalitosha, mwanangu."

"Sawa, mama," Phelix alimjibu. "Basi usiende sokoni mpaka nikwambie."

Mama akakubali. Kila Jumamosi Phelix alimletea unga na mboga, akaziacha kwenye ua, wakasalimiana kwa mbali na kucheka. Wiki ya saba ndui ikaisha, akaja na kikapu mpaka mlangoni. Wamuyu alikuwa amesimama hapo.

"Leo unaingia?"

"Nataka kumwuliza mama kama nitamwoa binti yake."

"Binti mwenyewe umemwuliza?"

Phelix akaweka kikapu chini. "Wamuyu, utakubali nikuoe?"

"Nitakujibu kesho, baada ya kanisa."

"Nitangoja."

Alikuwa amefika nusu ya njia aliposikia miguu ikikimbia nyuma yake.

"Ndiyo!" Wamuyu alisema akihema. "Nimeona kesho ni mbali."