Betri Mpya ya Mama Vai

Kila siku akitoka shule, Vaileth hupitia dukani kwa mama yake, Chanika. Hubadili sare nyuma ya pazia, hufagia vipande vya karatasi, kisha hukalia kiti cha kompyuta ili mama apumzike. Duka lenyewe ni la fotokopi, kuchapa barua na kuwafungulia watu fomu na matokeo mtandaoni. Mama yake, Kokushubila, husimama tangu asubuhi, na ikifika jioni miguu yake huwa imeumuka kama maandazi.

Siku hiyo kiti kilikuwa na mtu. Aliyekikalia ni Khalil, kijana wa duka la jirani, fundi wa kompyuta wa mtaa mzima. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Shikamoo mama. Kaka Khalil, kuna nini?"

"Marahaba. Mtandao hakuna tangu asubuhi," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Wateja wote nimewarudisha."

Vaileth akakumbuka. Jana mama alipokwenda sokoni, yeye alitaka kucheza gemu bila kusumbuliwa. Basi alifanya kama alivyozoea: aliwasha mashine, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio kabla Linux, mfumo unaoiendesha, haujaamka, akaizima kadi ya mtandao, kifaa kinachoiunganisha na intaneti. Wateja wakija, huwaambia, "Leo mtandao hakuna." Duka likifungwa na umeme kuzimwa ukutani, mashine husahau kila kitu, na asubuhi kadi huwa hai tena. Safari hii haikusahau.

"Nimebadili waya, nimezima na kuwasha kisanduku cha intaneti," Khalil alisema huku akipiga miayo. "Sasa naiuliza Linux yenyewe." Akaandika amri, orodha ikashuka kwenye kioo. "Inataja kifaa cha sauti, inataja hadi matundu ya flashi. Kadi ya mtandao haimo. Na hiyo imejengewa ndani ya ubao mkuu, haiwezi kudondoka."

"Labda panya," Vaileth alinong'ona.

"Panya? Mwananyamala nilifungua mashine nikakuta panya na ukoo wake. Wakaniamkia vizuri, wakafunga mizigo, wakahama."

Hakuna aliyecheka. Hata Khalil mwenyewe alichoka katikati ya uongo wake.

"Khalil, mwanangu," mama alisema, "mie sisemi wewe mbaya. Lakini mashine ilikuwa nzima mpaka ulipoifungua wiki iliyopita ukaweka betri mpya ndani yake. Ikishindikana leo, usiiguse tena. Na Somoe wa saluni nitamwambia asikupe ya kwake."

Khalil alianza kukusanya bisibisi zake, moja moja, kama mtu anayeokota mchele.

"Mama," Vaileth alisema, "aliyeigusa mwisho ni mimi."

Akaeleza yote. Mama alimwonyesha kompyuta kwa kidole. Khalil akainuka, akampisha kitini. Vaileth aliizima mashine, akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio na kuirudisha kadi. Linux ilipoamka, Khalil aliandika amri ile ile. Kadi ikatajwa, na penye tundu la waya taa ya kijani ikaanza kumemeta.

"Kumbe betri mbovu ilikuwa inakufutia makosa," Khalil alisema. "Hii mpya inatunza mipangilio hata umeme ukizimwa."

"Khalil, nisamehe baba," mama alisema. "Nimekulaumu bure." Kisha akamgeukia binti yake. "Wateja niliowarudisha, kesho utawapitia uwaambie kwa mdomo wako nani aliyezima mtandao. Na gemu usahau mpaka nikwambie."

"Ndiyo mama."

Mara umeme ukakatika. Wakakaa kwenye joto wakijipepea, mpaka uliporudi. Mashine ikawashwa. Taa ya kijani ikamemeta.

"Umeona? Mashine haisahau tena," mama alisema, akivua viatu. "Kosa halikufutika, hata pale ulipodhani limefutika. Ukilinyamazia linatafuta wa kumwangukia, na leo nusura limwangukie Khalil. Siku nyingine, mwanangu, sema mapema. Utatupunguzia kuchoka."