Madirisha ya Sundus

Watu walikuwa wamebanana mbele ya kibanda cha ushirika wa maziwa kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru, na Kiplangat jasho lilikuwa likimtoka. Programu aliyoiandika ilipaswa kuwaonyesha wakulima jinsi maziwa yao yatakavyosajiliwa kwa kompyuta. Badala yake, kila mzee aliyeinama kutazama aliuliza swali lile lile: sasa nabonyeza wapi?

"Boss, hii dirisha ya kompyuta ilipangwa na nani?"

Aligeuka. Msichana wa buibui nyeusi na mtandio wa rangi ya chungwa alikuwa akitafuna hindi la kuchoma, raba zake nyeupe zimejaa vumbi la uwanja.

"Ni mimi. Kwani iko na shida?"

"Maneno yamekatika. 'Sajili maz'. Maz ni nini?"

"Maziwa."

"Na 'Futa' umeiweka hapa, imegusana na 'Hifadhi'. Kidole kikiteleza, kazi ya mtu imeenda."

Wazee wakacheka. Kiplangat naye akacheka, masikio yakimwaka moto. Kabla msichana hajaenda zake, Kiplangat alikuwa amemwomba namba ya simu.

Jina lake lilikuwa Sundus, wa mtaa wa Bondeni, na kuchora mabango ya biashara ndiyo kazi iliyomlisha. Kiplangat alimfundisha programu ya kuchorea madirisha: unaburuta vitufe kwa mouse, unaviweka unapotaka, kisha unahifadhi faili.

"Wewe ukishachora, mimi sichori tena," alimweleza. "Code yangu, yale maagizo naandikia kompyuta, inapakia faili yako vile iko. Halafu inatafuta kila kitufe kwa jina umekipatia."

"Nikikiita Kichwa-Ngumu?"

"Nitaandika code ya Kichwa-Ngumu."

"Basi ya kwanza nitaipatia jina lako."

Wakaanza kufanya kazi pamoja, na kazi ikageuka kitu kingine. Kiplangat akitoka kwao Keringet, kwenye baridi, alimletea karoti zenye udongo bado. Jumapili walipanda mlima Menengai, Sundus akilalamika njia nzima na kukataa kubebewa mkoba. Kila jioni simu ya Sundus ililia.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Na wewe, mtu wa baridi?"

"Nangoja uje unipikie."

"Utangoja sana."

Walipopata kazi ya kuundia kliniki moja ya Gilgil programu, Sundus alimwambia mama yake, Bi Kuluthum, kwamba kuna kijana na si Mwislamu. Mama alikuwa akichambua mchele. Alitoa mawe mawili, akayatupa nje.

"Ya dini mtaongea na mjomba wako," alisema. "Mimi nauliza moja tu. Huyo kijana husema ukweli?"

"Wallahi, Mama. Husema."

Kazi ya Gilgil Sundus aliipenda kuliko zote. Alishinda siku nzima na muuguzi mkuu, Wangechi, ambaye alimwonyesha jinsi dawa zinazomdhuru mgonjwa zilivyokuwa zimefichika chini kabisa ya dirisha la kwanza alilochora. Sundus akazipandisha juu, kwa herufi kubwa nyekundu. Akatuma faili. Akarekebisha, akatuma tena.

"Umeiona?"

"Nimeiweka tayari, babe. Iko fiti kabisa. Mikono yako ni dhahabu."

Siku ya kuionyesha kazi, Sundus alivaa gauni la kijani alilolishonesha kwa siku hiyo. Kiplangat akawasha programu. Dirisha lililofunguka lilikuwa lile la mwanzo kabisa.

Wangechi akavaa miwani. "Na zile dawa za kudhuru mgonjwa? Si tuliongea ziwe juu?"

Kiplangat alifunga dirisha haraka. "Hiyo ni upande wa design, wa mchoraji, sista. Ataangalia."

Sundus alikuwa amesimama nyuma yake. Walipofika nje, malori yakinguruma kwenye barabara kuu, alimgeukia.

"Faili zangu ziko wapi?"

"Ziko. Shida ni, ile ya kwanza niliigeuza ikawa code, halafu nikaanza kurekebisha kwa mkono ndani ya hiyo code. Ningegeuza hizi mpya, marekebisho yangu yote yangefutika. Nikasema nitapanga wiki ijayo."

"Na kila jioni unaniambia iko fiti."

"Sikutaka uumie."

"Hukuwa umezifungua hata, Kip?"

"Sikuzifungua," alisema Kiplangat.

"Nilimwapia mamangu juu yako," alisema Sundus. Akavuka barabara, akarudi Nakuru peke yake.

Sundus hakushika tena simu za Kiplangat. Kiplangat alifuta marekebisho yake yote, akaandika upya ili programu ipakie michoro ya Sundus moja kwa moja, dirisha kwa dirisha. Ilipokamilika akamwandikia: Njoo uone tu. Sundus akaja, saa za chakula cha mchana, kwenye hoteli yenye kelele mjini. Hakugusa chai. Alifungua faili mwenyewe, akasogeza kitufe, akahifadhi, akawasha programu. Kitufe kilikuwa kimesogea.

"Huniamini," alisema Kiplangat.

"Ndiyo maana nimejaribu."

"Sundus, nataka kuja kwenu. Nimuone mjomba. Hata ya dini niko tayari kukaa chini nisikize."

Macho ya Sundus yalijaa machozi. "Ungekuja kabla ya Gilgil, ningekufungulia mlango mwenyewe."

"Nilikosa. Nimerekebisha kila kitu."

"Umerekebisha programu. Mimi sasa ukiniambia kitu, nataka nifungue nione. Ukisema umefika, nataka nione. Ukisema unanipenda, nitafungua wapi?"

Kiplangat alinyoosha mkono juu ya meza. Sundus alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akafunga laptop taratibu, akatoka. Kiplangat alimfuata kwa macho mpaka umati wa barabarani ulipommeza.

Wiki iliyofuata alienda Gilgil kuiweka programu. Wangechi alifungua mgonjwa wa kwanza, akaona herufi nyekundu, akapandisha miwani kichwani.

"Sasa hata bila hizi naona. Yule msichana anajua kazi. Mwambie nimesema asante."

"Nitamwambia, sista," alisema Kiplangat.

Sundus alikuwa amemblock kwenye simu, hata ujumbe haumfikii, tangu siku ile ya hoteli.